Kipaka wangu halali usiku na mimi nina kazi asubuhi. Naombeni msaada (Umoja)

fundi_wa_umoja · Jumapili, saa 4:10 usiku

Habari zenu jamani. Nimekuwa nikisoma tu hapa bila kuandika, leo nimeandika kwa sababu nimechoka kweli.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona Uhuru Market, na naishi Umoja Innercore hapa Nairobi, chumba kimoja ghorofa ya 3, mimi na mwanangu wa miaka 7. Mwezi jana panya walinitobolea gunia la vitambaa vya wateja. Walikula suruali 2 za sare ya shule na kitenge cha mama mmoja cha harusi. Nikaambiwa nitafute paka. Mama anayeuza samaki karibu na kibanda chetu akanipa kipaka wa rangi ya mchanga, tukamwita Simsim.

Mchana huwezi kujua kama yuko nyumbani. Shida ni usiku. Tukizima taa saa 4 anaanza. Anapanda pazia mpaka kwenye chuma, anaangukia sufuria, anapita juu ya kitanda mbio kama aliyefukuzwa. Mguu ukisogea chini ya blanketi anaurukia na kuuma. Hiyo ni mpaka kama saa 5 na nusu. Halafu ananyamaza, nashukuru Mungu, nalala. Ikifika saa 9 anaanza kulia. Analia akizunguka mlangoni, analia akija usoni kwangu, na nyuma ya ukuta wetu kuna jirani mwenye mtoto wa wiki 3. Juzi aligonga ukuta. Asubuhi tukakutana kwenye kamba za nguo na hakusema neno, na kile kimya chake kiliniuma kuliko angenigombeza.

Jana nimekata kitambaa cha mtu vibaya kwa sababu ya usingizi. Mita 2 nimelipa mimi.

Mwanangu anampenda sana huyu kipaka. Sitaki kumrudisha wala kumtupa. Nataka alale. Nifanye nini?

Rongai_Juu · Jumapili, saa 4:32 usiku

Pole sana dada. Huyo ana njaa. Mpe ugali na maziwa mengi kabla hujalala, tumbo likijaa atatulia. Nyumbani tulikuwa tunawafungia nje usiku, asubuhi wanarudi wenyewe. Paka ni mnyama wa usiku, hiyo huwezi kuibadilisha.

Mwamu_Pangani · Jumapili, saa 5:05 usiku

Ndugu yangu wa Rongai, kwa heshima, hilo la mwisho sikubaliani nalo, na la kumfungia nje mtoto wa paka ghorofa ya 3 mjini Nairobi ndilo kabisa. Ataenda wapi? Ngazini, kisha barabarani, kisha chini ya gurudumu.

Mimi nimezaliwa Amu, yaani Lamu, ambako paka ni sehemu ya mji kama punda walivyo. Ukikua huko unazijua saa zao bila kufundishwa. Jua likiwa kali wote wamelala barazani, chini ya mashua, kwenye kivuli cha ukuta wowote. Jua likianza kuinama wanaamka, wananyoosha migongo, wanakwenda pwani ambako watu wanapara samaki. Giza likishakomaa wengi wanajikunja tena. Alfajiri kabla muadhini wa msikitini hajamaliza adhana wako macho mara ya pili. Kwa hivyo paka si mnyama wa usiku wa manane. Ni mnyama wa magharibi na alfajiri, saa ambazo panya na ndege wanatembea na mwanga ni hafifu. Jicho lake limeumbwa kwa mwanga huo.

Sasa sikia, dadangu. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua linatua kama saa 12 na nusu karibu mwaka mzima. Saa hiyo wewe uko wapi? Bila shaka uko kwenye matatu Jogoo Road. Simsim amelala tangu mlipotoka asubuhi, anaamka magharibi akiwa na nguvu zote, na chumba ni kitupu. Hana cha kuvizia wala cha kufukuza. Unaingia saa 1 na nusu umechoka, unapika, mnakula, mnazima taa. Yeye bado hajatumia hata chembe ya siku yake. Anaitumia juu ya miguu yako.

Ukitaka alale usiku, itabidi ushughulikie mchana na jioni yake.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumapili, saa 5:21 usiku

Nasoma udaktari wa wanyama Kabete, bado sijahitimu, kwa hiyo nichukulieni hivyo. Mwamu amesema vizuri. Kabla ya kufika kwenye mchezo naomba mama utujibu haya:

Ana umri gani, na alitoka kwa mama yake akiwa na umri gani? Anakula nini na mara ngapi? Umeshampa dawa ya minyoo? Choo chake kikoje, kigumu au cha kuharisha? Na mchana akiwa peke yake anachezea nini?

fundi_wa_umoja · Jumatatu, saa 12:02 asubuhi

Asanteni sana, sikutarajia kuamka nikute majibu haya yote. Naandika haraka kabla ya kutoka.

Yule mama aliniambia ana wiki 7 aliponipa, sasa ni wiki 9 na kitu. Asubuhi nampa ugali na maziwa, jioni nikirudi nampa tena, wakati mwingine omena (dagaa) tuliyopika sisi. Minyoo sijampa dawa, na choo ni cha majimaji. Tumbo lake ni la duara lakini mgongo ni mifupa. Mchana anachezea vibobini vya uzi, naviacha kwenye kikapu, anavivuta mpaka chini ya kitanda. Anavipenda sana.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumatatu, saa 12:09 asubuhi

Mama, tafadhali kabla hujafunga mlango, weka uzi wote ndani ya kitu chenye kifuniko. Sindano pia. Fanya hivyo sasa, mengine nitaeleza baadaye.

fundi_wa_umoja · Jumatatu, saa 12:14 asubuhi

Nimeweka kwenye ndoo na kufunika. Umenitia hofu.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumatatu, saa 7:40 mchana

Samahani kwa kukuharakisha. Niko mapumzikoni, naeleza sasa.

Ulimi wa paka una vimiiba vidogo vinavyoelekea kooni. Ndivyo anavyochania manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Uzi ukishashika hapo hawezi kuutema, kila akiramba unaingia ndani zaidi mpaka anaumeza. Mara nyingi ncha moja inanasa, chini ya ulimi au tumboni, na utumbo unaendelea kuvuta ile nyingine. Wewe ni fundi, unajua ukivuta uzi wa marinda kitambaa kinavyojikusanya. Utumbo unajikusanya vivyo hivyo, na uzi unaanza kuukata. Ni upasuaji, na wengine hawafiki kwenye upasuaji. Ukimwona anatapika, anakataa chakula, au ukiona uzi umetokeza nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari hivyo hivyo.

Sasa usingizi. Tumbo la duara, mgongo wa mifupa na choo cha majimaji kwa kipaka wa wiki 9: karibu hakika ana minyoo, na maziwa ya ng'ombe yanaongeza. Paka akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa unapungua, kwa hiyo yanapita tumboni yakiwa yamechacha na kumletea msokoto. Ugali unamjaza lakini haumlishi. Paka anahitaji nyama au samaki, kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Basi huyu analala na tumbo lililojaa huku mwili una njaa, na utumbo unamsokota. Hata mimi nisingelala.

Dawa ya minyoo nunua kwa kipimo cha uzito wake, usikisie. Mbebe kwenye katoni mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Usione haya kumuuliza nambari yake ya usajili, ni haki yako. Akiwa mdogo hivi anarudia dawa kila wiki 2 mpaka wiki 12. Siku hiyo hiyo waulize chanjo zinaanza lini.

Omena ni chakula kizuri, lakini si ile ya sufuria yenu. Vitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka. Osha mchanga wote, chemsha bila chumvi, mpe pamoja na ule mchuzi wake kwa sababu taurini inayeyuka majini. Ukiweza changanya na chakula cha paka wadogo cha dukani, hata kidogo kidogo, kwa sababu omena peke yake haina kila kitu. Na si mara 2. Tumbo lake ni dogo kama kidole gumba chako, umri huu anakula mara 4.

Baba_Pacha · Jumatatu, saa 2:15 usiku

Kuna njia rahisi. Ile dawa ya maji ya mafua wanayopewa watoto, inayoleta usingizi. Kijiko nusu tu. Tulimpa mbwa wetu safari ya Nakuru akalala njia nzima.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumatatu, saa 2:19 usiku

Kaka, nakuomba, na yeyote anayesoma hapa: msifanye hivyo. Dawa nyingi za mafua zimechanganywa na parasetamoli, na ini la paka haliwezi kuivunja. Kiasi kidogo sana kinaweza kumuua paka mzima, sembuse mtoto wa kilo moja kasoro. Kwa mbwa ilipita salama, kwa paka usitegemee. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini: mbwa anaoga nazo, paka anatetemeka mpaka anakufa. Nimeshawaona wakiletwa.

Baba_Pacha · Jumatatu, saa 2:31 usiku

Sikujua. Samahani dada fundi. Ningekuwa na uwezo wa kufuta ningefuta, lakini labda ibaki ili mwingine asome jibu.

Shosho_wa_Kinoo · Jumatatu, saa 3:00 usiku

Mwanangu fundi, mimi nimefuga paka tangu kabla ya wewe kuzaliwa. Nikuambie la mchezo, kwa sababu huyu kijana wa Kabete ameshasema la tumbo.

Chukua kijiti, ufunge kitambaa kirefu kipana, si uzi. Wewe vipande huvikosi. Ukishakula chakula cha jioni kaa kitini na umburuzie sakafuni. Usimpepee usoni, panya hamwendei paka usoni. Kitambaa kijifiche nyuma ya mguu wa meza, kisimame, kitoke kidogo, kirudi. Utaona anajibana chini, makalio yanatikisika, kisha anaruka. Mwache akose mara kadhaa, halafu akamate kweli, aume, apige mateke. Akikamata usimnyang'anye. Dakika 10, apumzike anahema, 10 tena. Mwisho punguza mwendo kama panya anayekufa. Hapo hapo mpe chakula chake cha mwisho. Akila atajiramba uso na miguu, na akishajiramba atatafuta pa kulala. Ndivyo alivyoumbwa: anawinda, anakula, anajisafisha, analala. Ukimpa chakula kwanza na mchezo baadaye umempindulia siku.

Kisha kile kijiti kifungie kabatini. Kisibaki sakafuni.

Na usicheze naye kwa mkono hata siku moja, mwambie na mtoto. Mkono ukishakuwa mchezo, mguu chini ya blanketi nao ni mchezo.

fundi_wa_umoja · Jumanne, saa 4:50 usiku

Leo nimefunga kibanda mapema nikampeleka kwa daktari hapa mtaani. Amepimwa, gramu 780. Amepewa dawa ya minyoo na ni dume. Nimechemsha omena, nimecheza naye vile shosho amesema, na kweli makalio yanatikisika! Mwanangu alicheka mpaka akalala chini. Amekula, amejiramba, amelala saa 4 kasorobo. Chumba kimya. Sijui niandike nini, nasikia mpaka friji ya jirani.

fundi_wa_umoja · Ijumaa, saa 10:20 alfajiri

Niko macho. Usiku wa kwanza alilala vizuri mpaka saa 9. Mbio za saa 4 zimekwisha kweli, hilo nashukuru. Lakini kilio cha saa 9 kipo palepale. Nilisoma mahali kwamba nisimjibu, basi nimekaa kimya siku 3, sisemi, siinuki, na leo amelia zaidi ya siku zote. Jirani amegonga tena. Nimelia na mimi. Tumbo limepona, choo ni kigumu, anakula mara 4, mwanangu akitoka shule anampa ile ya saa 10 jioni. Nimefanya yote. Kwa nini saa 9?

Shosho_wa_Kinoo · Ijumaa, saa 12:40 asubuhi

Usikate tamaa mwanangu. Mtoto aliyezoea kubebwa akilia, siku ukiacha kumbeba analia kwa nguvu zaidi kwanza. Anajaribu mlango uliokuwa ukifunguka. Ukiufungua siku ya 3 umemfundisha kwamba siku 3 za kulia zinatosha. Kaza moyo, ataacha.

askari_wa_zamu · Ijumaa, saa 1:05 asubuhi

Nimetoka zamu sasa hivi. Mimi nalinda lango Kileleshwa, mwaka wa 11 lango lilelile, na paka wa hapo nawajua wote. Naunga mkono ndugu wa Amu. Saa 1 mpaka saa 4 usiku wanapita, wanapigana, wanapanda ukuta. Kuanzia saa 6 hadi saa 10 ni kimya. Paka wa pale langoni analala kwenye koti langu muda huo wote na hata gari likiingia hainui kichwa. Kuanzia saa 10 na nusu, ndege wa kwanza akilia, anaamka.

Kwa hiyo dada, mimi nisiye na elimu ya wanyama naona hivi: saa 9 si saa ya paka. Kila siku saa 9 kamili? Basi kuna kitu kinamwamsha, au kuna kitu anakipata. Usiku mmoja usilale, angalia tu gizani.

fundi_wa_umoja · Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Askari, Mungu akubariki.

Usiku wa kuamkia leo nilijifanya nimelala. Saa 9 Simsim alilia mara 2 tu, si kwa nguvu. Mwanangu akashuka kitandani kwa vidole vya miguu, akafungua mkebe wa omena, akamtolea 3. Kisha akakaa naye sakafuni, baridi hii ya Julai, bila soksi, akimfunika na sweta yake ya shule. Nikamsikia anamwambia polepole, "Usilie, mama yako anajua uko hapa."

Zile siku nilizokuwa nimekaza moyo, yeye ndiye alikuwa akimjibu. Siku ambazo usingizi ulimzidi, kipaka alimlilia mpaka jirani akagonga.

Sikumgombeza. Nilimwita tukakaa wote watatu chini. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu siku ya kwanza. Akasema Simsim analia kwa sababu hajui mama yake yuko wapi, na yeye anajua kulala bila mtu kulivyo. Mwaka jana nililazwa wiki 2 hospitalini na yeye alikaa kwa shangazi. Hatukuwahi kuzizungumza zile wiki. Tumezizungumza leo.

Sasa nifanyeje? Siwezi kumwambia mtoto aache kuwa na huruma.

Mwamu_Pangani · Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

Nimesoma mara 2 na macho yamejaa machozi, wallahi. Huyo mtoto amelelewa.

Na hajakosea, dadangu. Kipaka wa wiki 7 alikuwa akilala katikati ya ndugu zake, joto pande zote. Ni heri wangekaa na mama yao hata wiki 12, lakini imeshapita. Fanya hivi: yule mama wa samaki unamwona kila siku. Mwombe kipande cha gunia au kitambaa anacholalia paka mama. Usikifue. Kiweke kwenye katoni ya Simsim, katoni yenyewe iwe ndogo na yenye ukingo mrefu ili joto lisitoke. Jaza chupa ya maji ya moto, si ya kuchemka, ivalishe soksi 2, iweke upande mmoja ili akiona joto limezidi ahame. Julai hii Nairobi usiku inashuka hata nyuzi 11, na kipaka wa gramu 780 anaipata baridi kabla yako.

Mtoto mpe kazi yake, lakini iwe ya jioni. Yeye ndiye amwandalie katoni, ajaze chupa pamoja nawe, atoe mlo wa mwisho kwa mkono wake, amtakie usiku mwema. Huruma yake ipate saa yake. Ataelewa kwamba akimlisha saa 9 anamwamsha rafiki yake, hambembelezi.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumamosi, saa 6:00 mchana

Naongeza machache. Safisha sanduku la mchanga kabla ya kulala, wengine wanalia kwa sababu tu choo ni kichafu. Dirisha lako la ghorofa ya 3 likaze kwa wavu, nondo pekee kipaka anapita katikati. Na alfajiri usimpe chakula dakika ile unayofungua macho. Osha uso, chemsha chai, vaa, ndipo umpe. La sivyo atajifunza kwamba macho yako yakifunguka chakula kinatoka, na atakuja kuyafungua kwa makucha.

mwalimu_South_B · Jumapili, saa 10:10 jioni

Samahani fundi kuingilia mjadala wako. Wangu ni jike, miezi 5, alikuwa analala vizuri kabisa. Wiki hii anapiga kelele usiku kucha, anajiviringisha sakafuni, anainua makalio nikimgusa mgongo. Nilidhani anaumwa.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumapili, saa 10:25 jioni

Haumwi mwalimu, ameanza kutafuta dume. Miezi 5 ni umri wake, wengine huanza wakiwa na miezi 4. Mchezo na chakula havitatuliza hiyo. Nchi zenye majira ya baridi jike hupumzika miezi ambayo mchana ni mfupi. Hapa kwetu mchana haupungui, kwa hiyo anaweza kurudia kila baada ya wiki 2 au 3 mwaka mzima mpaka apate mimba. Mwone daktari umpangie upasuaji wa kufunga kizazi, na kwa sasa milango na madirisha yafungwe. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 tu.

mwalimu_South_B · Jumapili, saa 10:31 jioni

Asante. Kesho napiga simu.

fundi_wa_umoja · Jumatano ya wiki ya pili, saa 2:05 usiku

Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka niwe na hakika kwanza.

Yule mama wa samaki alinipa kipande cha gunia bila hata kuniuliza cha nini. Nilipomweleza akasema paka mama alizunguka siku 2 akiwatafuta, na hakuniambia kwa sababu aliona nina haraka. Nimekiweka kwenye katoni. Simsim alikinusa muda mrefu sana, akakikanda kwa miguu ya mbele, akalala palepale kabla hata hatujamaliza kula.

Siku yetu sasa iko hivi. Asubuhi nacheza naye dakika 10 chai ikichemka, anakula, natoka. Mwanangu akirudi shule saa 9 na nusu anamburuzia kitambaa koridoni mlango wa ngazi ukiwa umefungwa, yeye na binti wa jirani, kisha omena. Naambiwa jua likitua ndipo anaruka kama kichaa, kwa hiyo nimewaachia saa hiyo iwe yao. Mimi nikirudi anakula tena. Mchezo mkubwa ni saa 3 na robo, mpaka ahemee mdomo wazi kidogo, hapo nasimamisha anapumzika. Mlo wa mwisho anautoa mwanangu. Chupa, soksi, katoni, taa.

Usiku 2 za kwanza alilia saa 9 kama kawaida. Mwanangu alinishika mkono gizani, tukahesabu pamoja kwa sauti ya chini. Usiku wa kwanza tulifika 400. Wa pili 150. Wa tatu aliita mara moja tu kutoka kwenye katoni, hakutoka. Jana usiku hakulia kabisa. Anaamka saa 11 alfajiri matatu za kwanza zikianza kupiga honi, na saa hiyo hata mimi naamka.

Miguu bado anaivizia mara moja moja. Naigandisha, nabingirisha soksi iliyokunjwa, anaifuata hiyo.

Kwa jirani nilikwenda Jumapili na maandazi, nikamweleza yote, hata habari ya mwanangu na omena. Akaniambia yeye hakuwa akigonga kwa hasira. Alikuwa akigonga kuniuliza kama niko salama, maana alisikia kilio akadhani ni mtoto wangu. Mtoto wake amelala mgongoni kwake tukiongea. Nimemshonea kofia ya baridi.

Panya sijawaona tena, ingawa Simsim hajamkamata hata mmoja. Nadhani harufu inatosha.

Shosho_wa_Kinoo · Jumatano, saa 2:20 usiku

Nimefurahi sana mwanangu. Na wewe je, unalala?

fundi_wa_umoja · Jumatano, saa 2:24 usiku

Nalala shosho. Jana nimekata sare 6 bila kukosea.

Kabete_mwaka_wa5 · Jumatano, saa 2:40 usiku

Safi sana mama. Jumanne ijayo ni wiki 2 tangu dawa ya minyoo, mrudishe, apimwe uzito tena. Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3, hata kama hatoki nje. Akikaribia miezi 4 ataanza kubadilisha meno na atatafuna kila kitu, kwa hiyo nyaya za cherehani na za stima zifiche mapema.

fundi_wa_umoja · Jumatano, saa 2:46 usiku

Nimeandika kwenye kalenda ya ukutani. Mwanangu amechora paka kwenye Jumanne.